Mfundishe mwanao kuogelea, wa kike na wa kiume



Ndugu msomaji, kila masika yanapoingia na kila shule zinapofungwa, sisi tunaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya huwa na hofu ya mgonjwa wa aina moja. Si wa malaria wala si wa kuharisha, kwani hao dawa zao zipo. Ni mtoto aliyezama majini. Mara nyingi huletwa amechelewa, nguo zimelowa, na mzazi anayemleta ana neno moja tu mdomoni: "Nilimwacha sasa hivi tu."

Miaka michache iliyopita nililetewa mtoto wa kiume wa umri wa miaka miwili hivi. Mama yake alikuwa akifua uani, akaingia ndani mara moja kuchukua nguo nyingine. Aliporudi alikuta miguu ya mwanawe inaonekana juu ya ndoo ya maji ya kusuuzia. Majirani walikuja mbio. Wakamkamata mtoto miguu, wakamning'iniza kichwa chini, wakamtikisa, wakamkamua tumbo, kisha wakatafuta bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyempulizia pumzi. Tulipompokea tulifanya tulichoweza, lakini roho ilikuwa imekwishatoka. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Kwenye msiba wazee waliwaliwaza wazazi kwa maneno ya kweli: kwamba ni kudura ya Allah (SW), na kwamba mtoto huyo hana dhambi. Lakini nilipopita kutoa mkono wa pole siku chache baadaye, niliikuta ndoo ileile palepale uani, imejaa maji, na mtoto wa jirani anaichezea. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Tatizo ni kubwa kuliko tunavyodhani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika kila vifo kumi, tisa vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Hata hivyo, kiwango cha vifo hivyo kimepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 2000. Maana yake ni kwamba ajali hizi zinazuilika, na zipo jamii zilizofanikiwa kuzizuia. Kwa uzito wa jambo lenyewe, Umoja wa Mataifa mwaka 2021 uliitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini.

Kwetu sisi maji yako kila mahali. Wapo wanaoishi kando ya Bahari ya Hindi, wapo wa Ziwa Victoria na Tanganyika, na wapo wa mijini wanaozungukwa na mitaro, mabonde na mashimo yaliyochimbwa mchanga na kokoto, kisha yakaachwa wazi yakajaa maji ya mvua. Mtoto wa tajiri hupelekwa kwenye bwawa la hoteli akafundishwa na mwalimu wa kulipwa. Mtoto wa maskini hujifunza mwenyewe shimoni pamoja na wenzake, na siku nyingine harudi.

Kudura haituondolei wajibu

Ndugu Muislamu, ni kweli kwamba katika hadithi sahihi aliyekufa maji ametajwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema kwa marehemu na faraja kwa wafiwa. Si ruhusa kwa mzazi kuacha kisima wazi. Ni Mtume wetu (SAW) huyohuyo aliyemwelekeza mtu aliyeulizia ngamia wake kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Hadithi hiyo ameipokea Imam Tirmidhi. Basi kufunika pipa ni kumfunga ngamia, na kumfundisha mtoto kuogelea pia ni kumfunga ngamia.

Wengi wetu tumesikia maneno yanayowataka wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea, kulenga mshale na kupanda farasi. Aghalabu tunayanasibisha na Mtume (SAW), ila yanavyojulikana zaidi ni kuwa ni maneno ya Sayyidna Umar bin Khattab (RA). Hilo halipunguzi uzito wake. Aidha, ipo hadithi aliyoipokea Imam An-Nasai ambamo kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa ni upuuzi. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe majini kumfundisha hampotezei muda. Anatekeleza amana.

Maji yanavyoua kimyakimya

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Msemo huu una hekima yake, lakini kwa mtoto mdogo unaweza kutupotosha. Mtoto anayezama mara nyingi hatapitapi wala hapigi kelele, kwa sababu ili upige kelele ni lazima upate pumzi, na yeye pumzi hana. Kichwa hurudi nyuma, mdomo huwa sawa na uso wa maji, mikono husukuma maji chini, kisha hutoweka. Yote hayo yanaweza kwisha kabla dakika haijatimia. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika.

Kwa hiyo usijiambie, "Nitamsikia." Hutamsikia. Ni lazima umwone.

Nyumbani: watoto wa chini ya miaka mitano

Mtoto wa umri huu hafi baharini tu. Hufa kwenye ndoo, beseni, karai, pipa, kisima na shimo la choo. Kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, hivyo akiinama na kutumbukia hawezi kujiinua. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Zingatia haya:

1. Ukimaliza kufua au kuoga, mwaga maji na ukipindue chombo. Usiache beseni na maji yake hata kama unarudi sasa hivi.

2. Maji ya akiba yafunikwe kwa mfuniko ambao mtoto hawezi kuuondoa. Mtume (SAW) ametufundisha kufunika vyombo vyetu usiku. Basi tuizoee adabu hiyo mchana pia.

3. Kisima kiwe na ukuta unaomzidi mtoto kimo na mfuniko wenye kufuli. Shimo la choo linalochimbwa lisiachwe wazi hata kwa siku moja.

4. Kama nyumba iko karibu na bwawa, mtaro au ufuo, weka uzio au kizuizi mlangoni, hata kama ni cha fito na makuti.

5. Mtoto akabidhiwe kwa mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Watu watano wakiwa uani, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia. Wala dada wa miaka saba si mlezi, kwani naye ni mtoto.

Katika Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi na madimbwi mengi, iligundulika kuwa watoto wadogo walikuwa wakizama zaidi saa za asubuhi, mama zao wakiwa kwenye kazi za nyumbani na baba zao mashambani. Wanavijiji wakaanza kuwakusanya watoto hao asubuhi katika nyumba moja chini ya mlezi, na vifo vikapungua sana. Mwaka 2022 serikali yao iliupitisha mpango huo kuwa wa taifa. Kina mama wa mtaa mmoja wanaweza kufanya hivyo hivyo hapa kwetu kwa zamu, bila kusubiri mfadhili.

Kuanzia miaka sita: kumfundisha kuogelea

Mtoto wa miaka sita na kuendelea anaweza kufundishwa na akaelewa. Si lazima liwepo bwawa la vigae. Kule Bangladesh jukwaa la mianzi hujengwa ndani ya dimbwi la kijiji, watoto wakajifunza humo bila kuingia kwenye kina kirefu. Kwa watu wa pwani inatosha sehemu yenye mchanga, isiyo na mawimbi makubwa wala mkondo, ambayo maji hayapiti kifua cha mtoto. Waulize wavuvi wakupe saa za maji kujaa na kupwa, na uepuke siku za bamvua, kwani maji huvuta kwa nguvu.

Awepo mtu mzima anayejua kuogelea, na watoto wasizidi wanne au watano kwa mwalimu mmoja. Awepo na mtu mwingine nchi kavu ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Mafunzo yaende kwa hatua:

Kwanza, mtoto azoee maji. Anawe uso, azamishe mdomo na kupuliza mapovu, kisha azamishe kichwa huku amebana pumzi. Asisukumwe wala asitupwe majini. Mtoto aliyetishwa hujifunza woga, na woga ndio unaozamisha.

Pili, ajifunze kuelea chali. Mwalimu amshike chini ya mgongo na kisogo, mtoto alegeze mwili, masikio yawe ndani ya maji na macho yatazame mbinguni. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote, kwani anayejua kuelea ana muda wa kuvuta pumzi na kuita msaada.

Tatu, ajifunze kupiga miguu, kujigeuza kutoka kifudifudi kwenda chali, na kurudi kwenye ukingo alioanguka.

Nne, ajifunze kupiga mbizi fupi na kuogelea. Kipimo kizuri ni aogelee mita 25 bila kugusa chini na aelee nusu dakika bila kushikwa. Mtoto anayeyaweza hayo ana nafasi kubwa ya kunusurika.

Tano, afundishwe adabu za maji: asiingie bila ruhusa wala peke yake, asiruke kichwa mbele pasipojulikana kina, atoke mara moja akiona radi au maji ya mto yamebadilika rangi. Akivutwa na mkondo baharini asishindane nao, bali aelee, kisha aogelee sambamba na ufuo mpaka autoke.

Tahadhari: anayejua kuogelea naye huzama. Elimu hii haichukui nafasi ya jicho la mzazi. Na mtoto mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima aliye karibu kabisa naye, hata kama anatumia dawa vizuri. Hata kuoga, aoge kwa kujimwagia maji kwa kopo, na mlango usifungwe kwa komeo.

Watoto wa kike wasiachwe nyuma

Hapa naomba tuzungumze kwa uwazi. Katika nyumba zetu nyingi mtoto wa kiume huenda baharini na wenzake, wa kike huambiwa si mahali pake. Tunasema tunalinda stara. Lakini msichana huyohuyo ndiye anayepanda boti kwenda kwa shangazi yake, ndiye anayechota maji mtoni, na ndiye anayebeba mdogo wake mgongoni kuvuka kijito. Maji hayaulizi kama uliyeanguka ni wa kike au wa kiume.

Tusisahau yaliyotupata. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na familia nzima zilipotea. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 walikufa huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Kuogelea peke yake hakuwezi kumwokoa kila mtu katika ajali kama hizo. Jaketi okozi na kuzuia kujaza abiria kupita kiasi ndiyo mambo ya mwanzo. Lakini anayejua kuelea hupata dakika za kusubiri msaada, na dakika hizo ni uhai.

Basi Nungwi hukohuko, kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa. Walifundishwa na wanawake wenzao, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima pamoja na kichwa. Mwanzoni wapo wazazi waliosita, lakini walipoona stara imehifadhiwa, wengi waliridhia. Waliofundishwa wakawa walimu wa wadogo zao.

Masharti ya sheria yetu yanawezekana: mwalimu awe mwanamke, muda na mahali vitengwe na wanaume, na vazi liwe la kufunika, lisilo la kubana sana wala la kuonesha. Liwe la kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Kanga, baibui na kanzu ndefu hulowa, huwa nzito na hufunga miguu, kwa hiyo hazifai kufundishia. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (RA). Mazoezi ya mwili kwa mwanamke si jambo geni katika dini yetu.

Usafi wa maji tunayoogelea

Maji ya bahari hayana kichocho. Lakini mabwawa, malambo, mifereji ya umwagiliaji na kingo za Ziwa Victoria zenye majani na konokono zinaweza kuwa nacho. Vimelea hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi. Akikojoa damu, au akapata maumivu ya tumbo na damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya. Dawa yake ipo, nayo ni prazikwanteli. Mpe mtoto wako dawa hiyo inapogawiwa shuleni. Fundishia mahali pasipo na majani wala konokono, na epuka maji ya mitaro yanayopokea vyoo.

Kichocho huendelea kwa sababu ya mkojo na kinyesi vinavyoingia majini. Mtume (SAW) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameonya juu ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Tukiishika Sunna hii peke yake, tungekwishaupunguza ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa. Mtoto akitoka majini aoge kwa maji safi na akauke masikio kwa kitambaa, si kwa kijiti. Mwenye kidonda kibichi, au aliyetahiriwa na hajapona, asubiri.

Akizama: msilaumu chunusi, okoeni

Zipo sehemu ambazo watoto wakizama watu husema wamevutwa na chunusi, na kwa hofu hiyo hakuna anayesogea. Sisi tunaamini kuwa majini wapo. Lakini shimo lenye tope, kina kinachobadilika ghafla na mtoto asiyejua kuogelea vinatosha kueleza kilichotokea. Kumwogopa chunusi hadi ukamwacha mtoto afe ni kosa mara mbili.

Hata hivyo usijirushe hovyo. Mara nyingi anayezama humkumbatia mwokozi wake, wakafa wote wawili. Piga ukelele wa kuita watu. Mnyooshee fimbo, kasia, au kanga iliyosokotwa huku umelala kifudifudi ukingoni. Akiwa mbali, mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba. Dumu hilo humwelesha mtu mzima. Kila penye kisima, bwawa au diko pangekuwa na dumu na kamba, tungeokoa wengi.

Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kuwa aliye ndani ya sala akiona mtu anazama na anaweza kumwokoa, huikata sala yake akaokoe. Tazama uzito uliopewa nafsi moja.

Ukimtoa majini, usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo, usimzungushe kwenye pipa. Hayo hupoteza muda na humfanya atapike, matapishi yakaingia mapafuni. Fanya hivi:

1. Mlaze chali mahali pagumu. Mwite na umguse. Angalia kama kifua kinapanda kwa pumzi za kawaida. Mwenzako apige simu au atafute usafiri.

2. Kama hapumui, inua kidevu na rudisha kichwa nyuma kidogo. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi tano, kila moja iinue kifua. Mtoto mchanga funika mdomo na pua kwa pamoja, na kichwa chake kisirudishwe nyuma sana.

3. Bado hana dalili ya uhai? Bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Mchanga tumia vidole gumba viwili, mkubwa kidogo tumia kiganja. Kisha pumzi mbili. Endelea 30 kwa 2 bila kuacha, hata njiani, mpaka apumue au mfike kwa mganga.

4. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa na umfunike.

5. Mpeleke hospitali hata akionekana mzima. Mapafu yanaweza kumletea shida saa chache baadaye.

Wito kwa maimamu na walimu wa madrasa

Madrasa zetu zina watoto, zina walimu wa kiume na wa kike, na wazazi wanaziamini. Hakuna taasisi iliyo tayari zaidi kwa kazi hii. Imamu anaweza kuitengea khutba moja kabla ya masika. Kamati ya msikiti inaweza kununua kamba na kukusanya madumu. Ustadhat anaweza kuwapeleka wasichana ufukweni asubuhi ya siku iliyopangwa, na wavuvi wazee wakawafundisha wavulana upande mwingine.

Nawe ndugu msomaji, kabla hujakunja gazeti hili, inuka uende uani. Itazame ndoo, lifunike pipa, ulizia mtoto yuko wapi na nani yuko naye. Ukimaliza, panga siku ya kumpeleka majini kumfundisha. Allah (SW) atuhifadhie watoto wetu, na awarehemu waliotangulia.

Wabillahi tawfiq.